Kuosha gari kwa bei nafuu Dar es Salaam bila kuua rangi: mwongozo kamili

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mtu aliuliza bei akaambiwa elfu tano, akaondoka ametoa elfu kumi na mbili. Mwingine gari lilirudi linang'aa jioni, kesho yake juani boneti nzima imejaa mikwaruzo ya mviringo. Wa tatu alilipa vizuri tu, ila kapeti zililoa, wiki nzima gari likawa linanuka uvundo.

Shida inaanzia kwenye swali. Ukiuliza "wapi wanaosha rahisi?" utatajiwa bei, lakini bei peke yake haisemi wataosha nini, kwa maji gani na kwa kitambaa kilichopita kwenye magari mangapi tangu asubuhi. Njia inayopunguza gharama kweli ni kugawa kazi: kijiwe cha kuoshea magari kifanye zile zinazohitaji mashine, nyingine uzifanye mwenyewe kwa madumu matatu ya maji.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na gari dogo kichwani, IST, Vitz, Passo na ndugu zao. Mwenye Noah au Harrier aongeze dumu moja la maji. Wa Tanga, Mombasa na Zanzibar mtaona mambo mengi yanafanana, kwa sababu chumvi ya bahari ni ileile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Ndoo 2 za lita 20, za rangi tofauti ili usizichanganye.
- Madumu 3 ya lita 20, yamejaa maji safi.
- Shampuu ya gari. Chupa moja ndogo inakaa muda mrefu kwa sababu kila ndoo inataka kiasi kidogo tu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.
- Glovu ya kuoshea, au sponji laini isiyo na upande wa kukwaruzia.
- Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua 5: kikubwa cha kukaushia bodi, kimoja cha vioo, kimoja cha ndani, kimoja cha rimu, kimoja cha akiba.
- Kopo la kumwagilia maua, lile lenye matundu mdomoni.
- Mswaki wa zamani na brashi laini.
- Siki nyeupe na chupa ya kupulizia.

Sabuni ya unga iache nyumbani kwa ajili ya nguo. Ni kali, inaondoa nta inayolinda rangi, na chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Sabuni ya maji ya vyombo haikwaruzi, ila nayo inaondoa nta. Itumie ukiwa umekwama, si kila wiki.

Mashine ya presha sijaiweka kwenye orodha kwa makusudi. Kwa mtu mwenye gari moja, hela ya mashine hiyo ni hela ya kuoshewa gari muda mrefu sana, bado hujahesabu umeme na fundi.

## Hatua ya 1: Tazama gari lina uchafu gani

Zunguka gari mara moja kabla ya kufikiria kijiwe. Uchafu hautofautiani kwa wingi tu, unatofautiana kwa aina, na kila aina ina kazi yake.

Vumbi la kawaida la barabarani ni kazi ya madumu matatu nyumbani. Tope la masika lililogandia ndani ya matao ya matairi na chini ya gari linahitaji presha, hapo kijiwe kinastahili hela yako. Kama umepita ufukweni Kigamboni na mchanga wenye maji ya chumvi umerukia chini, usisubiri wikiendi. Chumvi inaharakisha kutu, na kutu ya chini huioni mpaka fundi apandishe gari kwenye jeki akuonyeshe.

Kinyesi cha kunguru na utomvu wa mwembe ni kazi ya dakika chache na kitambaa. Kwa hivyo viwili usiende kulipia uoshaji mzima.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja gari linahitaji nini leo: "nje tu", "chini tu", au "ndani, nje iko sawa". Sentensi hiyo ndiyo utakayoibeba hadi hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwezi

Bei ya siku moja inadanganya. Tuseme kijiwe cha karibu nawe kinachukua shilingi 7,000 kwa nje na ndani, na unaosha kila Jumamosi. Hiyo ni 28,000 kwa mwezi, bila soda ya kijana anayeosha. Ukienda kijiweni mara moja kwa nje na ndani, halafu mara tatu ukaosha nje mwenyewe, unalipa 7,000 pamoja na maji. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za mtaani kwako.

Maji nayo yana hesabu yake. Uniti moja ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50. Gari likioshwa kwa madumu matatu, uniti moja inaosha gari mara 16 na chenji inabaki. Angalia bili yako uniti ni shilingi ngapi, gawa kwa 16, utaona ni hela ndogo kiasi gani. Anayenunua maji kwa dumu kwenye mkokoteni azidishe bei ya dumu kwa tatu kisha alinganishe na kijiwe. Wakati wa mgao wa maji huenda kijiwe kikashinda.

Onyo: hesabu hii inakufa ukiosha kwa mpira ulioachwa wazi. Chukua ndoo ya lita 20 na simu, upime mpira wako unaijaza kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika moja na nusu, basi robo saa ya mpira wazi imemwaga lita 200.

## Hatua ya 3: Kichunguze kijiwe kabla hujaingiza gari

Paki pembeni, nunua maji ya kunywa, tazama gari moja likioshwa tangu mwanzo. Dakika kumi zinatosha. Utakachokitafuta ni hiki:

Maji yanatoka wapi. Vijiwe vingi vya Dar vinatumia kisima, na visima vya maeneo ya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi. Kipimo chake ni rahisi: dondosha matone machache kwenye kioo cha dirisha lako, yaache yakauke. Yakiacha duara jeupe lililokolea, maji hayo yana madini mengi, na duara hizo zitakaa kwenye rangi nyeusi na kwenye vioo. Kuoshea chini ya gari kwa maji ya chumvi ni kulipia kutu.

Ndoo na vitambaa. Kama kuna ndoo moja tu, na maji yake yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa, ule mchanga wa gari lililotangulia unakusubiri wewe. Angalia pia kitambaa kikianguka chini kijana anafanya nini. Akikiokota na kuendelea na boneti, washa gari uondoke.

Kitambaa cha rimu. Kinachofuta rimu kisifute mlango. Vumbi la breki lina chembe za chuma.

Maji machafu yanaelekea wapi. Kijiwe kilicho ukingoni mwa mto kinaweza kuwa na bei nzuri, lakini kinakaa roho juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari, na siku ya operesheni hutaki gari lako liwe limejaa povu pale katikati.

Wateja. Madereva wa teksi na wa magari ya mtandaoni wanaosha karibu kila siku kwa hela yao wenyewe. Wakiwa wengi mahali, bei ni ya ushindani. Ila wao wanatafuta haraka, wewe unatafuta rangi idumu, kwa hiyo usiishie hapo.

Siku nayo ni bei. Jumamosi asubuhi na Ijumaa jioni foleni ni ndefu na mkono unakimbia. Jumanne au Jumatano kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi vijana wamekaa wanapiga soga, na hapo bei inazungumzika.

Umefanikiwa kama umepata vijiwe viwili, si kimoja. Cha pili ni cha siku ambayo cha kwanza hakina maji, na kinakupa nguvu ya kupatana.

## Hatua ya 4: Taja kazi, ndipo uulize bei

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. "Fulu" ya kijiwe kimoja ina maana ya nje, ndani, polishi ya dashibodi na dawa ya matairi. Ya kijiwe kingine ni nje na kupiga vakyumu basi. Usilikubali neno hilo mpaka lifunguliwe.

Mazungumzo yanayofanya kazi yanakwenda hivi:

— Karibu bosi. Tupige fulu?

— Asante mdogo wangu, pole na kazi. Leo nataka chini kwa presha, halafu ndani vakyumu na kufuta. Nje nitaosha mwenyewe. Polishi sitaki, injini msiguse. Ngapi?

— Hiyo lete elfu nane tu.

— Fulu yenyewe ni elfu kumi, na hapa nje hamgusi. Fanya elfu sita, vitambaa vya ndani ninavyo mwenyewe.

— Haya bosi, ongeza buku ya soda.

— Nikikagua nikakuta safi, soda ipo.

Ona kilichofanyika. Kazi imetajwa moja moja, visivyotakiwa vimetajwa pia, na ile buku ya soda imesogezwa mpaka baada ya ukaguzi. Vijana hawa wengi wanalipwa kwa idadi ya magari, kwa hiyo ukimkandamiza sana atafidia kwa kuruka kazi. Mimi naona bora kumwachia buku yake aifanyie kazi kuliko kumbana mpaka senti ya mwisho.

Onyo: bei ikitajwa na kijana mmoja na hela ikapokelewa na mwingine, mwite yule mpokeaji asikie makubaliano kabla maji hayajamwagwa. Gari likishalowa, huna nguvu tena.

## Hatua ya 5: Toa vitu, ingiza gari mwenyewe, kaa karibu

Toa sarafu, chaja, miwani, hati na risiti zilizo kwenye kiboksi cha dashibodi. Fungua buti, hakikisha jeki, spana ya tairi, pembetatu za hatari na tairi la akiba vipo. Vipige picha kwa simu. Fanya hivyo kijana akiona, bila maneno. Inatosha.

Liingize gari mwenyewe na ulitoe mwenyewe. Waoshaji wengi hawana leseni, na gari likigonga ukuta likiendeshwa na asiye na leseni, bima ina sababu ya kukataa kulipa.

Kama umetoka safari ndefu, acha gari lipoe kwanza. Maji ya baridi kwenye diski za breki zilizochemka yanaweza kuzipinda, nawe utaanza kusikia mtetemo mguuni kila ukikanyaga breki.

Presha ikianza, macho yako yawe sehemu tatu:

1. Umbali wa bomba. Lisisogee karibu ya sentimita 30 na rangi, hasa penye mchubuko wa zamani au pale palipopigwa rangi upya. Presha ikipata upenyo inabandua.
2. Raba za milango na vioo. Maji yapigwe kwa mshazari, yasielekezwe moja kwa moja kwenye ungio.
3. Injini. Hapana ni hapana. Oltaneta, koili, boksi la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa havipatani na presha. Injini chafu inafutwa ikiwa imepoa, kwa brashi na kitambaa chenye unyevu.

Ukisikia harufu ya dizeli au mafuta ya taa wakati wanamalizia chini, wasimamishe. Kuna wanaopulizia ili chini paonekane peusi na papya. Bushi na raba nyingine zinavimba na kuchoka kabla ya wakati, halafu vumbi linaganda kwenye yale mafuta siku hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Kagua kabla hujatoa hela

Fungua milango yote minne ufute kingo zake za chini kwa kidole. Inua kila mati ubonyeze kapeti iliyo chini yake. Ikitoa maji, waambie wanyonye tena kwa mashine. Sakafu iliyolowa chini ya mati haikauki haraka kwenye joto hili lenye unyevunyevu, na ndiyo chanzo cha ule uvundo.

Kisha sukuma mlango kidogo uende na kurudi. Ukisikia maji yakicheza ndani, tundu za kutolea maji chini ya mlango zimeziba. Zizibue kwa kijiti cha meno, maji yatatoka. Usipofanya hivyo mlango unaoza ukiwa unang'aa kwa nje.

Shika usukani na pedali. Vikiteleza, vimepakwa polishi, navyo havipaswi kuguswa na polishi kabisa. Wafute palepale kwa kitambaa chenye sabuni kidogo.

Ukiondoka, kanyaga breki taratibu mara tatu nne ukiwa kwenye mwendo mdogo. Breki zilizolowa hazishiki sawasawa mpaka zikauke. Pia usilale na gari likiwa limetoka kuoshwa tu bila kulizungusha kidogo. Handibreki inaweza kuganda hadi asubuhi.

## Hatua ya 7: Osha nje mwenyewe kwa madumu matatu

Hii ndiyo hatua inayookoa hela, na ndiyo watu wanaiharibu kwa haraka. Ichukulie ni kazi ya dakika 45.

Wakati na mahali. Saa 12 hadi saa 2 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, kivulini. Weka mgongo wa mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, subiri, maana sabuni itakaukia kwenye rangi na kuacha madoa kabla hujafika upande wa pili. Kivuli cha mwembe au mwarobaini wenye kunguru usikitumie, sababu unaijua.

Dumu la kwanza ni la kulowesha tu. Tia maji kwenye kopo la kumwagilia, anzia paani, teremka nayo polepole. Usiguse gari kwa mkono wala sponji. Acha dakika mbili tatu, rudia penye tope. Maji haya yanashusha mchanga peke yake, na kila chembe inayoshuka hapa ni mkwaruzo uliouepuka.

Ndiyo maana kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi kabla ya kwenda kazini ni kuharibu rangi kila siku kwa awamu. Brashi ya manyoya nayo ni ileile.

Dumu la pili ligawe. Nusu kwenye ndoo ya shampuu, nusu kwenye ndoo ya kusuuzia. Chovya glovu kwenye shampuu, osha eneo moja, isuuze kwenye ndoo ya pili, ikamue, ndipo irudi kwenye shampuu. Usiruke hata mara moja.

Mfuatano uwe huu: paa, vioo, boneti, mlango wa buti, nusu ya juu ya milango, bampa, halafu nusu ya chini ya milango. Uchafu mkali uko chini, kwa hiyo chini inakuja mwisho. Peleka mkono kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma. Mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani inatokana na mchanga unaoburutwa na mkono kwenye rangi.

Usikandamize. Uzito wa glovu iliyolowa unatosha; palipogoma pamwagie povu zaidi, usiongeze nguvu.

Rimu na matairi yafuate baada ya bodi, kwa kitambaa chake na mswaki. Kitambaa hicho kisirudi kwenye rangi leo wala wiki ijayo.

Dumu la tatu ni la kusuuza. Kwa kopo lilelile, toka paani kushuka. Kama kuna upepo, suuza upande mmoja kabla ya kuanza mwingine ili povu lisikauke. Zingatia nyuma ya vioo vya pembeni, kuzunguka namba za gari na chini ya waipa, kwa sababu sabuni inajificha huko na kuchirizika baadaye.

Kausha mara moja. Tandaza kitambaa kikubwa juu ya boneti, kivute kuelekea kwako bila kusugua. Kikilowa, kikamue. Malizia na kingo za milango na mdomo wa buti.

Umefanikiwa kama mambo mawili yametimia. La kwanza, ingiza mkono chini ya ndoo ya kusuuzia: utashika mchanga kwa vidole, wakati ndoo ya shampuu haina. Mchanga huo ndio ungeburutwa kwenye rangi. La pili, pitisha tishu nyeupe kwenye mlango uliokauka. Isitoke na kijivu.

Maikrofaiba zako zifuliwe peke yake, bila ile dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu inaziba nyuzi zikaacha kunyonya maji. Iliyoanguka chini inakwenda kwenye kundi la rimu moja kwa moja.

Kila baada ya miezi mitatu hivi paka nta juu ya rangi safi iliyokauka. Uchafu unaachia kirahisi zaidi, na safari inayofuata dumu la kwanza litafanya kazi kubwa peke yake.

## Hatua ya 8: Ndani, kwa ufupi

Toa mati, zikung'ute, zioshe kando na zikauke kabisa juani kabla ya kurudi. Siti za kitambaa zifute kwa kitambaa chenye unyevu na shampuu kidogo. Usizimwagie maji, maana sponji ya ndani inachukua siku nzima kukauka na mvua ikikukuta umekwisha. Dashibodi inataka maji na kitambaa kilichokamuliwa. Polishi inayong'aa sana inaakisi mwanga kwenye kioo cha mbele mchana kutwa.

Ule ukungu wa mafutamafuta ndani ya kioo unatoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kioo chenye tinti usikitie dawa ya vioo yenye amonia, inaharibu karatasi ya tinti.

## Madoa yanayokupeleka kijiweni bure

Kinyesi cha kunguru: kitoe siku hiyohiyo, kinakula rangi, na jua la saa nane linakiongezea nguvu. Lowesha tishu, iweke juu dakika tano hadi kumi, kisha inua. Usikwangue kwa kucha.

Utomvu wa mti: spiriti kidogo kwenye kitambaa, gusagusa mpaka ulainike, osha kwa shampuu palepale.

Lami: kitambaa chenye matone ya mafuta ya taa kinaitoa. Osha mahali hapo mara moja, mafuta yasikae.

Duara nyeupe za maji ya kisima: siki na maji nusu kwa nusu, futa, suuza. Kama zimeshakaa miezi mingi hazitoki kwa siki, hiyo sasa ni kazi ya fundi wa kupiga polishi ya rangi.

## Njia ya tatu: kijana wa maegesho kwa mwezi

Huna nafasi ya kuoshea nyumbani, au unaishi ghorofani? Kwenye maegesho mengi ya ofisini kuna mlinzi au kijana anayefuta magari kwa ndoo. Kwa mapatano ya mwezi anakuwa nafuu kuliko kijiwe chochote, lakini ukimwachia vifaa vyake anafuta magari matano kwa tambara moja.

Mpe vyako: glovu, vitambaa viwili, chupa ndogo ya shampuu, kwenye mfuko unaokaa kwenye buti yako, si kwenye kibanda chake. Patana siku mbili kwa wiki, si kila siku, maana kila siku maana yake ni kufuta vumbi kikavu. Mara ya kwanza simama naye mwonyeshe ile loweshea ya kwanza bila kugusa gari, na mwambie sababu. Akielewa sababu ataifanya hata usipokuwepo. Mlipe nusu katikati ya mwezi na nusu mwishoni, na wiki za masika ambazo mvua inanyesha mfululizo mwambie aache nje, afanye vioo, taa na ndani tu kwa hela ileile.